SAA ILIYOOKOLEWA NI YA NANI?
Mafundi umeme wa New York na kazi iliyohamia kiwandani

Katika historia ya viwanda lipo swali ambalo hurudi kila mara nyenzo mpya inapoingia mahali pa kazi. Ikiwa nyenzo hiyo inaifanya kazi ya saa kumi imalizike kwa saa sita, zile saa nne zilizookolewa ni za nani? Ni za mwenye mtaji aliyeinunua nyenzo? Ni za mfanyakazi ambaye ujuzi wake ndio uliochukuliwa na kuingizwa ndani ya nyenzo hiyo? Au ni za mwananchi atakayelitumia jengo na kulipa kodi ya pango?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa mfano mmoja, yaani mafundi umeme wa ujenzi katika jiji la New York, Marekani, na msimamo wao juu ya kazi inayoundwa kiwandani kabla ya kuletwa jengoni. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, mvutano wake ulifika mara kwa mara mbele ya mahakama, na kwa hiyo masharti ya pande zote yamewekwa wazi. Pili, katika mji huo mmoja mafundi walijaribu majibu tofauti kwa swali lile lile, na kila jibu lilikuwa na watu wake waliolipa gharama.

Yapo maelezo mawili mepesi ambayo msomaji hana budi kuyaweka kando. La kwanza ni la waajiri, wasemao kwamba mfanyakazi ni adui wa maendeleo kwa asili yake. La pili husemwa na baadhi ya marafiki wa wafanyakazi, kwamba chama cha wafanyakazi kikikataa kifaa kipya basi moja kwa moja kinatetea tabaka zima la wafanyakazi. Historia ya New York inayakanusha yote mawili.

KAZI YENYEWE NA HESABU YAKE

Fundi umeme aingiapo katika jengo ambalo bado halijakamilika, hupima, hukata na kukunja mabomba ya chuma, huyafunga ukutani na darini, hupitisha nyaya ndani yake, huunga visanduku vya swichi, taa na soketi, na mwisho hufunga bodi ya kugawia umeme. Kila hatua hutumia saa, na saa hizo hulipwa pale pale jengoni. Uundaji wa awali maana yake ni kuzitoa hatua hizo jengoni na kuzipeleka karakana au kiwandani. Bodi huletwa ikiwa imekwisha kuungwa. Mabomba huletwa yamekunjwa na kuwekwa namba. Visanduku huletwa na vipande vya nyaya vilivyokwisha kufungwa. Fundi wa jengoni hubakiwa na kazi ya kuinua, kufunga na kuunganisha.

Hakuna ubishi kwamba njia hii ina faida. Mtu anayefanya kazi mezani, penye mwanga na paa, hachoki sawa na yule aliye juu ya ngazi, wala hayumo katika hatari ile ile ya kuanguka. Mabaki ya nyaya na mabomba hupungua. Lakini ina hasara zake pia. Michoro hulazimika kukamilishwa mapema, na kosa moja katika mchoro hurudiwa katika kila kifaa kilichoundwa kwa kufuata mchoro huo.

Sasa tuziangalie pande zinazohusika, kwa kuwa mwamba ngoma huvutia kwake. Fundi wa ujenzi hulipwa kwa saa, na jengo likimalizika ajira yake nayo imemalizika. Kwake yeye saa iliyookolewa ni ujira uliopotea, isipokuwa pawe na utaratibu mwingine wa kumlinda. Mkandarasi msimamo wake hutegemea mkataba. Akiwa amekubali bei iliyofungwa, kila saa anayoipunguza ni faida yake. Akiwa analipwa gharama pamoja na asilimia juu yake, kupunguza saa ni kupunguza fungu lake mwenyewe. Mwenye kiwanda hufurahia kila muungo unaohamia kwake, maana muungo huo huwa sehemu ya bidhaa anayoiuza. Mwenye jengo hutaka kulifungua mapema ili aanze kupokea kodi na kupunguza riba ya mkopo. Mpangaji hana kiti katika mazungumzo hayo, ingawa gharama humfikia.

Tukiishika hesabu hii, tutaona kwamba misimamo ya watu hawa juu ya uundaji wa awali haikutokana na kupenda au kuchukia mambo mapya. Ilibadilika kila mara hesabu ilipobadilika.

JIBU LA KWANZA: KULIFUNGA LANGO

Chama cha mafundi umeme cha Marekani, kinachojulikana kwa herufi IBEW, kilizaliwa katika mji wa St. Louis tarehe 28 Novemba 1891. Kilizaliwa katika kazi ya hatari kubwa: rais wake wa kwanza, Henry Miller, alikufa mwaka 1896 kwa ajali akiwa kazini kwenye nguzo ya umeme. Wakandarasi wa umeme nao waliunda chama chao, NECA, mwaka 1901. Mwaka 1920 vyama hivyo viwili viliunda baraza la pamoja la kusuluhisha migogoro bila migomo. Kwa hiyo katika fani hii desturi ya mwajiri na mwajiriwa kukaa meza moja ni ya zamani, na jambo hili litatusaidia kuelewa yaliyofuata.

Mporomoko wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliikumba kazi ya ujenzi kwa ukali. Majengo yalisimama na mafundi wakakaa bila kazi. Katika hali hiyo Tawi Na. 3 la IBEW, ambalo eneo lake ni jiji la New York, lilitafuta njia ya kuongeza kazi kwa wanachama wake. Tawi hili lilikuwa na sifa moja ya pekee. Baadhi ya wanachama wake walifanya kazi majengoni chini ya wakandarasi, na wengine walifanya kazi katika viwanda vya mjini vilivyotengeneza swichibodi na vifaa vingine vya umeme. Wapinzani wao hawakuwa mashine tu. Walikuwa pia viwanda vya miji mingine, vilivyoweza kutengeneza vifaa hivyo na kuvipeleka New York vikiwa tayari kufungwa.

Kwa migomo na kwa kususia bidhaa, tawi lilipata mikataba na wakandarasi na wenye viwanda wa mjini. Masharti yalikuwa haya. Mkandarasi anunue vifaa kwa viwanda vya mjini vyenye mkataba na Tawi Na. 3 peke yake. Mwenye kiwanda naye, kwa upande wa mauzo yake ya mjini, awauzie wakandarasi wanaoajiri wanachama wa tawi hilo peke yao. Baadaye pande zote tatu ziliunda vyombo vya pamoja vya kuwasusia wakaidi na kuvizuia vifaa kutoka nje. Kigezo hakikuwa kama kiwanda cha nje kinalipa ujira wa haki. Kigezo kilikuwa mkataba na tawi la New York.

Matokeo yake ni funzo kamili la uchumi wa siasa. Ujira wa wanachama ulipanda, saa za kazi zilipungua na nafasi za ajira ziliongezeka. Hayo ni mafanikio halisi, na fundi aliyekuwa amelala njaa hawezi kulaumiwa kwa kuyafurahia. Lakini bei za vifaa katika jiji nazo zilipanda mno, na faida ya wakandarasi na wenye viwanda wa mjini ikapanda pamoja nazo. Ilithibitika kwamba baadhi ya viwanda vya New York viliuza bidhaa zao ndani ya jiji kwa bei ya juu, na bidhaa zile zile nje ya jiji kwa bei ya chini sana. Maana yake ni kwamba ukuta uliojengwa kwa mikono ya wafanyakazi uligeuka kuwa ukuta wa kulinda soko la mabepari wa mjini.

Nani alilipa? Alilipa mfanyakazi wa kiwanda cha mji mwingine aliyefungiwa soko, na alilipa mkazi wa New York kupitia gharama ya majengo. Wote wawili ni watu wa jasho.

Viwanda vya nje, vikiongozwa na Allen-Bradley ya Milwaukee, vilishtaki. Tarehe 18 Juni 1945 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi ulioandikwa na Jaji Hugo Black. Mahakama ilisema kwamba sheria za mwaka 1914 na 1932 zililinda vitendo vya chama cha wafanyakazi kinapopigania maslahi yake peke yake. Lakini chama kikishirikiana na wafanyabiashara ili kulihodhi soko na kupanga bei, kinga hiyo haipo, na sheria ya mwaka 1890 dhidi ya uhodhi inawahusu wote.

Tusiharakishe kuisifu mahakama hiyo, maana walioshtaki walikuwa mabepari wakitetea soko lao. Hata hivyo mstari uliochorwa unafaa kutafakariwa. Palipokuwa na kosa ni pale ambapo chama cha wafanyakazi kilitoa nguvu zake ziwe rungu mkononi mwa waajiri wake wenyewe.

SHERIA YACHORA UZIO

Baada ya vita vya pili vya dunia waajiri wa Marekani walipata nguvu mpya bungeni. Sheria ya Taft-Hartley ya mwaka 1947 ilipiga marufuku mikataba ya kuajiri wanachama peke yao, na pia ilizuia mgomo unaomlenga mwajiri wa pili ili kumbana wa kwanza. Mwaka 1959 sheria nyingine iliharamisha mikataba ambayo mwajiri huahidi kutoshughulika na bidhaa za mwajiri mwingine. Kwa ujenzi uliwekwa msamaha, lakini msamaha huo ulihusu kazi inayofanyika kwenye eneo la ujenzi tu.

Msomaji aone uzito wa maneno hayo. Sheria ilichora uzio kuzunguka jengo. Ndani ya uzio chama kilikuwa na sauti. Nje yake sauti ilififia. Na uundaji wa awali ni nini kama si kuihamisha kazi kutoka ndani ya uzio kwenda nje? Tangu hapo waajiri walikuwa na sababu mpya ya kuipenda karakana, hata pale ambapo haikuokoa saa nyingi.

Kesi mbili, ingawa si za umeme, zilipima mipaka ya uzio huo kwa fani zote za ujenzi. Huko Philadelphia maseremala walikataa kufunga milango iliyokwisha kuchongwa na kutobolewa kiwandani. Jengo lilihitaji milango 3,600. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba chama kina haki ya kulinda kazi ambayo wanachama wake wamekuwa wakiifanya siku zote kwa mwajiri wao. Ulikuwa ushindi, lakini haukudumu katika ukamilifu wake. Mwaka 1977, katika kesi ya mafundi bomba wa New York waliokataa kufunga mitambo ya hewa iliyoungwa mabomba yake ya ndani kiwandani, mahakama hiyo hiyo iliamua dhidi ya chama. Hoja ilikuwa kwamba mkandarasi mdogo aliyebanwa hakuwa na mamlaka juu ya kazi hiyo, maana mitambo ilikuwa imechaguliwa na mkandarasi mkuu.

Kwa lugha nyepesi, fundi aliambiwa hivi: unayo haki ya kuilinda kazi yako, mradi bosi wako wa karibu ndiye mwenye kuigawa. Lakini katika ujenzi wa kibepari anayeigawa kazi mara nyingi ni mtu wa mbali, naye ni mwenye jengo, mchoraji au mkandarasi mkuu. Haki iliyobaki ilikuwa kama ufunguo wa mlango uliokwisha hamishwa.

JIBU LA PILI: KUGAWANA SAA

Wakati mabishano ya kisheria yakiendelea, Tawi Na. 3 chini ya uongozi wa Harry Van Arsdale Jr. lilijaribu njia nyingine. Badala ya kuuliza kifaa kizuiwe vipi, liliuliza saa zilizookolewa zigawanywe vipi. Mwezi Januari 1962, baada ya mgomo, mafundi umeme wa ujenzi wa New York walipata wiki ya msingi ya saa 25, yaani saa 5 kwa siku kwa siku 5. Serikali ya Rais Kennedy ilikuwa inapinga wiki fupi ya kazi, lakini mkataba ulipita.

Sambamba na hayo tawi lilifungua mlango kwa wanagenzi wapya wapatao 1,000, na miongoni mwao walikuwemo zaidi ya 200 weusi na wenye asili ya Puerto Rico. Jambo hili lina maana kubwa. Kwa miaka mingi vyama vya ufundi wa ujenzi nchini Marekani vilirithishana nafasi kwa ukoo na kwa rangi, na mtu mweusi aliachwa nje ya uzio pamoja na kazi ya kiwandani. Tawi lililokuwa na wanachama wachache kuliko kazi iliyopo liliweza kufungua. Tawi linaloogopa kukosa kazi hufunga mlango, na wa kwanza kufungiwa ni mnyonge.

Tusilipambe jambo hili kupita kiasi. Saa zilizozidi 25 zililipwa kwa kiwango cha juu zaidi, na wakosoaji walisema kwamba lengo lilikuwa kuongeza kipato. Tena ushindi huo ulipatikana wakati ujenzi ukiwa umeshamiri. Wiki ya saa 25 haikudumu. Baadaye ilirefushwa tena. Lakini kanuni yake inabaki sahihi. Nyenzo ilipofupisha kazi, ufupi huo ulionekana, kwa muda fulani, katika siku ya mfanyakazi mwenyewe. Na bodi ya pamoja ya fani hiyo, iliyoundwa mwaka 1943, ilikwisha kuonyesha kwamba sehemu ya mali hiyo yaweza kuwa nyumba: mtaa wa Electchester huko Queens, ulioanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, una makazi ya familia zaidi ya 2,000.

JIBU LA TATU: KUIINGIZA KARAKANA NDANI YA MKATABA

Mwaka 1969 makampuni makubwa ya Marekani yaliunda umoja wa kupambana na gharama za ujenzi, ukiongozwa na Roger Blough aliyekuwa mkuu wa U.S. Steel. Shabaha yake kubwa ilikuwa nguvu za vyama vya wafanyakazi wa ujenzi. Makampuni yalianza kutoa kazi kwa wakandarasi wasio na vyama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 karibu wafanyakazi wanne katika kila kumi wa ujenzi nchini humo walikuwa wanachama wa vyama. Kufikia mwaka 2023 alibaki karibu mmoja katika kila kumi.

Hesabu ikabadilika, na misimamo ikabadilika nayo. Mkandarasi mwenye mkataba na chama, akiwa na ujira wa juu na mpinzani wa ujira wa chini, aliona karakana kuwa wokovu wake. Chama nacho kiliona kwamba akishindwa mkandarasi huyo, wanachama nao wameshindwa. Ndiyo maana wakandarasi wale wale wa NECA, ambao wenzao wa New York walikuwa wamesimama langoni pamoja na mafundi, sasa wanamiliki karakana za kuunda mabomba, visanduku na bodi, na wengi wao huziendesha kwa mafundi wa IBEW. Katika hospitali ya Miami Valley huko Dayton, Ohio, iliyopanuliwa mwaka 2010, vyoo vya wagonjwa na fremu ndefu za darini zenye nyaya na mabomba ya fani mbalimbali viliundwa ghalani na kuletwa vikiwa tayari. Ujenzi wa vituo vikubwa vya kompyuta, vyenye vyumba vinavyofanana mamia kwa mamia, umeisukuma njia hiyo mbele zaidi.

Katika jibu hili ugomvi haujafa. Umehamia mezani, penye mazungumzo ya mkataba. Maswali yake ni haya. Je, mtu wa karakana alipwe ujira wa fundi kamili? Katika miaka ya 2000 IBEW ilikubali madaraja mapya yenye ujira wa chini kuliko wa fundi kamili ili kurudisha kazi zilizopotea, na madaraja hayo yamezua mabishano miongoni mwa wanachama. Je, mwanagenzi anayefunga kisanduku cha aina moja kutwa nzima atakuwa fundi lini? Mafunzo ya miaka mitano yamekusudiwa kumpa mtu akili ya mfumo mzima, toka bodi hadi taa. Karakana yaweza kumpa tendo moja na kumnyima mfumo. Hapo saa haiokolewi tu. Ujuzi wenyewe unahama kutoka kichwani mwa fundi kwenda katika mchoro wa ofisini.

MAFUNZO

Kutokana na historia hii tunaweza kutoa mafunzo manne.

Kwanza, upinzani wa mfanyakazi dhidi ya nyenzo mpya hauelezwi kwa ujinga wake. Unaelezwa kwa namna anavyolipwa. Anayelipwa kwa saa, na ambaye ajira yake hukoma jengo likikoma, ataitetea saa. Atakaye kubadili msimamo huo abadili kwanza utaratibu wa ajira na malipo.

Pili, umoja wa wafanyakazi na waajiri wa mji mmoja dhidi ya wafanyakazi wa mji mwingine si umoja wa wafanyakazi. Katika New York ya miaka ya 1930 ulileta mkate mezani, lakini ulileta pia bei mbili za bidhaa moja, na faida kwa wale wale ambao fundi alipaswa kudai kwao.

Tatu, kufunga lango hakufui dafu kwa muda mrefu. Sheria ilipoweka uzio kulizunguka jengo, kazi ilipita nje ya uzio. Anayelinda mahali huachwa na kazi inapohama. Anayelinda masharti ya kazi, popote inapofanyika, huhama nayo.

Nne, karakana haina siasa yake yenyewe. Meza ile ile yaweza kumwondoa fundi juu ya ngazi ya hatari, na yaweza pia kumgeuza kuwa kidole cha mashine. Kinachoamua ni ujira ulioandikwa, mafunzo yaliyoahidiwa na saa zilizogawanywa. Mambo hayo matatu yasipokuwa ndani ya mkataba kabla bodi ya kwanza haijatoka karakana, jibu la swali letu litakuwa limekwisha kutolewa, na atakayelitoa hatakuwa fundi.